Cheche na Waya

Kila mwanafunzi aliyefungua kitabu cha historia ajua kwamba Wilbur na Orville Wright waliruka kwa eropleni yao tarehe 17 Desemba mwaka 1903, katika mchanga wa Kill Devil Hills, pwani ya North Carolina huko Marekani. Wachache hukumbuka kwamba eropleni ile ilikuwa kazi ya nyumbani. Viwanda vya eropleni havikuwako bado. Ilitoka katika karakana ya baiskeli mjini Dayton, na injini yake iliundwa na fundi wao, Charles Taylor, kwa muda wa majuma 6 hivi. Na wachache zaidi wamejiuliza swali dogo ambalo ndilo tulitakalo hapa: moto wa injini ile ulitoka wapi?

Injini ya petroli haiendi kwa petroli peke yake. Mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa hushindiliwa ndani ya silinda, kisha hapana budi cheche ya umeme iruke pale pale kwa wakati wake, si mapema wala si kwa kuchelewa. Cheche ikikosa, injini ni chuma kizito tu alichobebeshwa rubani. Gari likikosa cheche husimama kando ya njia, na dereva hushuka akaketi chini ya mti akingoja msaada. Eropleni haina kando ya njia. Ndiyo maana nyuma ya majina makubwa na safari ndefu tunazosoma iko historia nyingine ipitayo chinichini, nayo ni ya watu waliotafuta cheche isiyokosa, na ya waya unaoileta.

Ndugu wale wawili walikuwa na mizani mikononi mwao kila siku, kwani injini yao ilikuwa na nguvu za farasi 12 tu, na kila ratili iliyozidi ilikuwa adui. Basi betri hawakuibeba. Ili kuiwasha injini walitumia betri kavu 4 pamoja na koili moja. Injini iliposhika moto, vitu hivyo viliondolewa vikabaki mchangani. Angani cheche ilitoka katika magineto, ambayo ni mashine ndogo ya sumaku, iliyozungushwa na gurudumu zito la injini yenyewe. Wala hapakuwa na plagi kama tuzijuazo leo. Ndani ya kila silinda vipande viwili vya chuma viligusana kisha vikaachana kwa ghafula, na pale vilipoachana cheche ikaruka. Kwa mpango huo safari ya kwanza ilidumu sekunde 12 na kufika mita 37, na ya nne siku ile ile ikadumu sekunde 59 na kufika mita 260.

Magineto haikuwa siri ya watu wa Dayton. Asili yake ni uvumbuzi wa Michael Faraday, aliyeonyesha mjini London mwaka 1831 kwamba sumaku ikipitishwa karibu na waya uliozongwa, umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Mbelgiji Lenoir alipotengeneza injini yake ya gesi mwaka 1860 alitumia betri na koili. Lakini betri za siku zile zilikuwa mzigo na zilichoka upesi, na mafundi wakaitamani sumaku ambayo haichoki. Katika karakana ya Robert Bosch mjini Stuttgart, Ujerumani, mhandisi Gottlob Honold alikamilisha mwaka 1902 magineto yenye kutoa umeme wa nguvu nyingi, uwezao kuruka wenyewe katika mwanya wa plagi bila vyuma kugusana ndani ya silinda. Kwa muda wa miaka michache chombo hicho kilienea duniani. Kilienea mno hata vita vilipozuka mwaka 1914 Uingereza ikajikuta katika aibu, kwa kuwa karibu magineto zake zote zilikuwa zikinunuliwa kwa Bosch, yaani kwa adui. Taifa lenye manowari kubwa kuliko yote duniani lilikuwa halina uwezo wa kujitengenezea cheche za kutosha! Waingereza walilazimika kuanzisha viwanda vya magineto kwa haraka, na nadhani somo hilo lastahili kutajwa katika vitabu vya vita kuliko linavyotajwa.

Wamarekani walikwenda kwa njia nyingine. Walipoingia vitani mwaka 1917 walibuni injini kubwa iliyoitwa Liberty, ya silinda 12 na nguvu za farasi 400, nao wakaipa moto wa betri uliofanana na ule wa magari yao. Injini hiyo ilifanya mambo makubwa. Hata hivyo, tazama yaliyowapata marubani wawili wa jeshi, Oakley Kelly na John Macready, mwezi wa Mei mwaka 1923, walipokuwa wa kwanza kuvuka Marekani yote bila kutua, kutoka New York hadi San Diego, kwa muda wa karibu saa 27. Saa chache tu baada ya kuondoka, kifaa cha kusawazisha umeme kiliharibika. Mmoja alishika usukani wa nyuma, na mwenziwe akakifungua kifaa kile kipande kwa kipande huko huko angani, akakitengeneza, akakirudisha mahali pake. Kosa lenyewe halikuwa ndani ya injini, lilikuwa katika vitu vilivyoizunguka, navyo ni betri, kifaa na nyaya.

Magineto haina habari na hayo yote. Maadamu injini yazunguka, nayo yazunguka, na cheche yatoka. Injini ya Charles Lindbergh, aliyevuka bahari ya Atlantiki peke yake mwezi wa Mei mwaka 1927 kwa saa 33 na nusu, ilikuwa na silinda 9, na kila silinda ilikuwa na plagi mbili zilizolishwa na magineto mbili, ili moja ikifa nyingine iendelee. Tukikadiria mizunguko 1,600 kwa dakika, kila plagi ilitoa cheche kama milioni 1.6 kabla ya kufika Paris.

Iko sifa moja ya magineto ambayo wanafunzi huiona ya ajabu wanapoisikia mara ya kwanza. Katika taa za nyumbani, waya ukikatika taa huzimika. Katika magineto mambo ni kinyume, kwani swichi ya rubani haiipi umeme. Kazi yake ni kuizima kwa kuuelekeza umeme wake katika mwili wa injini, upotelee huko. Basi waya wa swichi ukikatika, magineto haizimiki tena, na injini yaendelea kwenda. Jambo hili lina hatari yake ardhini, kwa maana mtu aweza kuizungusha rafadha kwa mkono akidhani injini imezimwa, nayo ikawaka na kumjeruhi vibaya au kumwua. Lakini angani ni rehema. Waliobuni mpango huu walikubali hatari ya chini ili wapate usalama wa juu.

Kazi ya kujiundia eropleni nyumbani haikufa na ndugu wa Wright. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Bernard Pietenpol, katika kijiji cha Cherry Grove, Minnesota, aliunda eropleni ya mbao iendeshwayo na injini ya gari la Ford. Nchini Ufaransa Henri Mignet alitangaza mwaka 1934 eropleni ndogo aliyoamini kwamba mtu yeyote awezaye kupigilia sanduku la mbao aweza kuijenga, na watu wengi wakamwamini. Baadhi yao walipoteza maisha kwa sababu ya kasoro ya mabawa, na nchi kadhaa zikaipiga marufuku. Mwaka 1953 Paul Poberezny na wenziwe walianzisha mjini Milwaukee chama cha wajenzi wa namna hii, Experimental Aircraft Association, ambacho tangu mwaka 1970 hufanya mkutano wake mkubwa kila mwaka mjini Oshkosh.

Watu hawa ndio walioibadili tena hadithi ya cheche. Mwaka 1947 transista ilivumbuliwa katika maabara ya Bell huko Marekani, na kidogo kidogo ikaingia katika magari. Pontiac iliuza moto wa transista mwaka 1963, na kufikia mwaka 1973 Chrysler iliuweka katika magari yake yote yaliyouzwa Marekani. Eropleni za viwandani zilibaki na magineto, maana kila badiliko lilipaswa kupita katika mlango mwembamba wa sheria. Mjenzi wa nyumbani alikuwa na mlango mpana zaidi, na tangu miaka ya 1980 wengi walianza kuondoa magineto moja, au zote mbili, na kuweka moto wa kielektroni mahali pake.

Walikuwa na sababu njema. Magineto hutoa cheche kwa wakati ule ule siku zote. Katika injini nyingi ni nyuzi 25 kabla pistoni haijafika juu, liwe liwalo. Kielektroni huangalia mwendo wa injini na uzito wa hewa, kisha huiwahisha cheche eropleni inapokuwa juu, mahali ambapo hewa ni nyepesi na moto huenea polepole. Injini huwaka kwa urahisi zaidi asubuhi ya baridi, nayo hupunguza matumizi ya petroli. Lakini tazama walichokitoa ili kuyapata hayo. Ile rehema ya magineto imegeuzwa chini juu. Sasa cheche yahitaji umeme wa betri, na umeme wa betri wapita katika waya, na waya ukikatika injini inazimika. Betri waliyoiacha Wright mchangani imerudi ndani ya eropleni, na maisha ya rubani sasa yako katika kiungo kidogo kuliko ukucha wa kidole.

Kiungo hicho chakutana na adui asiyechoka. Injini ya silinda 4 ikienda mizunguko 2,400 kwa dakika hupiga mapigo 80 kila sekunde, yaani 288,000 kila saa, na kila pigo huutikisa waya. Waya wa eropleni aghalabu hufanywa kwa nyuzi 19 nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja, ili uweze kupinda bila kuvunjika. Fundi wa redio, akiona kiungo, mkono wake wakimbilia lehemu. Kwa redio iliyo mezani afanya vyema. Lakini lehemu ikiyeyuka hunyonywa na nyuzi zile kama utambi unyonyavyo mafuta, hupanda ndani ya waya, kisha hukauka. Sehemu ile yawa fimbo moja ngumu. Pale ugumu unapokomea na ulaini unapoanzia, mtetemo wote hukusanyika, na nyuzi huanza kukatika moja baada ya nyingine chini ya ganda, mahali jicho lisipofika. Lehemu yenyewe huenda ikawa safi kabisa siku waya unapokatika kando yake.

Jawabu lilitoka tena vitani. Mwaka 1941 Uncas Whitaker alianzisha nchini Marekani kampuni ya Aircraft-Marine Products, iliyotengeneza vichwa vya nyaya visivyohitaji lehemu, kwa ajili ya ndege na meli. Waya huingizwa katika mrija mfupi wa shaba, kisha mrija hubanwa kwa nguvu nyingi mno hata nyuzi na mrija zikashikamana kama kitu kimoja, na hewa isipate mwanya wa kuingia na kuleta kutu. Vichwa vilivyo bora hubanwa mara mbili: mara moja juu ya shaba ili kupitisha umeme, na mara ya pili juu ya ganda ili mtetemo uishie hapo usiifikie shaba. Kazi hii yataka koleo lake maalumu, lile lisilofunguka mpaka limebana kiasi kilichopangwa. Kubana kwa koleo la kawaida, kama nionavyo katika karakana nyingi za magari, ni kuacha jambo hili kwa bahati.

Hata kiungo kizuri hakimwokoi mjenzi aliyepanga vibaya. Injini hukaa juu ya mipira ili mtetemo usiufikie mwili wa eropleni, na mipira haipitishi umeme. Basi pawepo waya mnene wa kurudisha umeme kutoka injini. Ukisahauliwa au ukiliwa na kutu, umeme hutafuta njia nyingine, hata katika kebo ya chuma ambayo rubani huongozea petroli. Tena, mwenye mioto miwili ya kielektroni akiilisha kwa waya mmoja, fyuzi moja na swichi moja, ana moto mmoja tu uliovaa nguo mbili. Viwanda vyenyewe vilifanya jambo lililokaribiana na hilo katika miaka ya 1970, vilipouza injini zenye magineto mbili ndani ya ganda moja, zikizungushwa na mhimili mmoja.

Kwa hiyo wajenzi wengi wamechagua njia ya katikati. Upande mmoja wa injini huweka moto wa kielektroni, wenye waya wake na fyuzi yake moja kwa moja kutoka betri. Upande wa pili huiacha magineto. Kabla ya kuruka, rubani huongeza mwendo wa injini, kisha huzima moto mmoja, akasikiliza na kuangalia mizunguko ikishuka kidogo. Huurudisha, kisha huuzima wa pili. Na karakanani, siku waya ulipofungwa, kila kichwa kilichobanwa kimekwisha kuvutwa kwa mkono, kwa nguvu, kuona kama kitatoka.