Gambia, Nchi Iliyogoma Kumezwa

Kati ya miaka ya 1860 na 1870 Uingereza ilikaa mezani na Ufaransa zaidi ya mara moja ikitafuta namna ya kuachana na Gambia. Wafaransa wangeuchukua mto, nao Waingereza wangepewa vituo vya Ufaransa kwingineko katika pwani ya Afrika Magharibi. Watawala wa London hawakuona hasara yoyote. Koloni lenyewe lilikuwa mji mmoja wa bandari, Bathurst, na vituo vichache vya kandokando ya maji. Waliokuja juu ni wafanyabiashara, Wazungu kwa Waafrika, waliopeleka malalamiko yao hadi wanasiasa wa Uingereza wakasita. Mwaka 1876 mazungumzo yakavunjika, na Gambia ikabaki kwa Waingereza kwa sababu tu walishindwa kuitoa.

Tangu hapo hakukosekana mtu wa kuitabiria nchi hii kifo. Ramani yenyewe inawapa nguvu watabiri hao. Gambia ina kilomita za mraba zipatazo 11,300, pungufu ya mkoa wa Kilimanjaro. Imejinyoosha kwa zaidi ya kilomita 300 ndani ya tumbo la Senegal, na upana wake haufiki kilomita 50. Mto Gambia unaanzia milima ya Fouta Djallon huko Guinea na kumwaga maji yake Atlantiki, penye mdomo mpana unaopitisha meli za bahari. Kwa maumbile ni bandari ya eneo kubwa la bara. Kwa mkataba uliotiwa saini Paris mwaka 1889 ulikatwa na bara hilo: mpaka ulichorwa takriban kilomita kumi kila upande wa mto, ukiufuata unavyopinda. Wapo wanaosimulia kwamba manowari ya Kiingereza ilipanda mto ikifyatua mizinga, na pale risasi zilipoangukia ndipo mpaka ulipowekwa. Ni hadithi tamu, lakini kazi ilifanywa na makarani wenye rula.

Hata kabla ya mpaka huo, wageni waliutaka mto kuliko nchi. Mwaka 1651 watu wa Courland, utawala mdogo uliokuwa katika Latvia ya leo, walijenga ngome kwenye kisiwa kidogo katikati ya maji. Waingereza wakaiteka mwaka 1661, wakakiita kisiwa James. Ng'ambo yake, Albreda, Wafaransa walifungua kituo chao mwaka 1681, na kwa muda mrefu mataifa hayo mawili yaliuza watu huku yakitazamana. Kitabu cha Alex Haley cha mwaka 1976, Roots, ndicho kilichokifanya kijiji jirani cha Juffureh kijulikane duniani, na tangu 2011 kisiwa cha James kinaitwa Kunta Kinteh, jina la mhusika wa kitabu hicho. Bathurst ilianzishwa mwaka 1816 kuizuia biashara ileile ya watumwa ambayo Waingereza walikuwa wameitajirikia. Kapteni Alexander Grant alikipata kisiwa cha Banjul kutoka kwa mfalme wa Kombo kwa malipo ya kila mwaka ya fito za chuma. Baadaye ikaja karanga, na uchumi wa nchi nzima ukaegemea zao hilo moja.

Msomaji wa Tanzania anayekumbuka mradi wa karanga wa Kongwa atatabasamu kwa uchungu akisikia habari za Yundum, nchini Gambia. Wakati matrekta yanakwama Kongwa, Waingereza walikuwa wanafuga kuku Gambia ili Uingereza ya baada ya vita ipate mayai. Mradi ulianza mwaka 1948. Nafaka ya kuwalisha kuku haikustawi kama ilivyotarajiwa, kuku wakafa kwa maradhi, na mwaka 1951 mradi ukafungwa, mwaka uleule wa kufungwa kwa Kongwa. Kabla ya hapo Waafrika Mashariki na Wagambia walikuwa wamekutana kwa namna nyingine: kikosi cha Gambia kililetwa kupigana na Wajerumani Afrika Mashariki mwaka 1917.

Uhuru ulipatikana tarehe 18 Februari 1965 chini ya Dawda Jawara, daktari wa mifugo aliyesomea Glasgow na kuifahamu nchi ya ndani kwa kutibu ng'ombe wake. Chama chake cha PPP kilizaliwa mwaka 1959 kuwatetea watu wa mashambani waliodharauliwa na wasomi wa Bathurst. Kinachonivutia kwa Jawara ni kwamba hakupiga marufuku vyama vya upinzani wakati majirani wengi walipofanya hivyo. Wala hakuwa na jeshi la maana. Alikuwa na polisi na kikosi cha nusu jeshi. Uchumba na Senegal, yaani mazungumzo ya kuungana, uliendelea, lakini ndoa haikufungwa. Wafanyabiashara wa Gambia walikuwa na sababu nzuri ya kutoutaka muungano: ushuru wao ulikuwa mdogo kuliko wa Dakar, na bidhaa zilizoshushwa Banjul, jina jipya la Bathurst, zilivuka mpaka usiku kwa usiku.

Juni 1981 wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Nairobi walipitisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kwa kuwa uliandaliwa Banjul, wengi wanauita Mkataba wa Banjul. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 30 Julai, Jawara akiwa London kwa harusi ya Charles na Diana, Kukoi Samba Sanyang na waasi kutoka kikosi kile cha nusu jeshi waliteka mji. Jeshi la Senegal likaingia kumrudisha rais. Mamia walikufa. Malipo ya msaada huo yakawa Shirikisho la Senegambia, lililoanza Februari 1982. Dakar ilitaka muungano wa kweli, Banjul ilitaka ulinzi tu, na mwaka 1989 shirikisho likavunjwa. Jeshi la taifa lililoundwa katika miaka hiyo ndilo lililompindua Jawara tarehe 22 Julai 1994. Safari hii Senegal haikuingia.

Aliyechukua madaraka ni Luteni Yahya Jammeh, mwenye umri wa miaka 29. Alitawala miaka 22. Aprili 2000 wanafunzi waliokuwa wakiandamana walipigwa risasi. Desemba 2004 mwandishi wa habari Deyda Hydara aliuawa. Mwaka 2007 rais alitangaza kwamba anatibu UKIMWI kwa mikono yake. Haya yote yalitokea katika nchi yenye makao ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na iliyotoa waendesha mashtaka wa mahakama za kimataifa. Hassan Jallow alikuwa mwendesha mashtaka mkuu wa mahakama ya Rwanda jijini Arusha. Fatou Bensouda, mwendesha mashtaka mkuu wa zamani wa ICC ambaye Wakenya hawahitaji kuelezwa ni nani, alipita Arusha kabla ya ICC, na kabla ya hapo alikuwa waziri wa sheria wa Jammeh mwenyewe.

Wagambia hupiga kura kwa gololi. Mpigakura huitumbukiza kwenye pipa la mgombea wake, kengele ya ndani ikilia mara moja ili watu wajue hajatumbukiza mbili. Desemba 2016 gololi hizo zilimpa Adama Barrow ushindi wa kura zisizofika 20,000. Jammeh akampongeza, kisha baada ya wiki moja akabadili kauli. Barrow aliapishwa tarehe 19 Januari 2017 katika ubalozi wa Gambia jijini Dakar, majeshi ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, yakiongozwa na Senegal yakavuka mpaka, na siku mbili baadaye Jammeh akapanda ndege na hatimaye akatua Guinea ya Ikweta. Senegal ilikuwa imeingia tena, na kwa mara ya pili haikuimeza.

Tume ya ukweli ilianza kusikiliza ushahidi Januari 2019, na wauaji wa kikosi cha Jammeh wakaeleza hadharani walivyoua. Novemba mwaka huohuo Gambia iliishtaki Myanmar mjini Hague kwa mauaji ya Warohingya. Nyumbani mambo yalikwenda polepole zaidi. Rasimu ya katiba mpya, iliyomwekea rais kikomo cha mihula miwili, iliangushwa bungeni Septemba 2020 kwa kukosa robo tatu ya kura. Barrow alichaguliwa tena Desemba 2021 chini ya katiba ya 1996, ileile iliyopitishwa enzi za Jammeh, ambayo haina kikomo hicho.