Timu Iliyoshinda Ng'ambo ya Likoni

Mtu anayetoka Likoni akishuka feri upande wa kisiwani na kukata kulia, hupita mibuyu ya Mama Ngina hadi uwanja wa gofu wa Mombasa, pale nchi inapokoma na bahari kuanza. Tarehe 24 Machi 2007, nyasi zile zilikanyagwa na wakimbiaji bora duniani. Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika yalikuwa yamefika Mombasa. Afrika Mashariki ilikuwa haijawahi kuyaandaa, na bara zima lilikuwa limeyapata mara tatu tu: Rabat, Moroko, mwaka 1975, Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 1996, na Marrakech, Moroko, mwaka 1998.

Siku ile ikitajwa vibarazani, mazungumzo huishia kwa Kenenisa Bekele, Mwethiopia aliyeshindwa na joto letu. Ni kisa kikubwa na nitakifikia. Lakini kinachostahili kukumbukwa kwanza ni kwamba timu ya wanaume ya Kenya ilitwaa ubingwa wa dunia siku hiyo, nyumbani, na bado ushindi huo husimuliwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ulikuwa fidia ya kukosa dhahabu ya mtu mmoja.

Sababu mojawapo ni kwamba watu wengi hutazama mbio za nyika kwa jicho la mbio za uwanjani: nani kafika kwanza, basi. Kumbe huku kuna hesabu nyingine inayokwenda sambamba. Mshindi huhesabiwa alama 1, wa pili 2, wa kumi 10, na nchi yenye jumla ndogo ndiyo bingwa. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ilihesabiwa wakimbiaji 6. Wakishika nafasi zote 6 za mwanzo, jumla yao ni 21, na chini ya hapo hapashukiki. Ndiyo maana mtu wa sita wa Kenya, ambaye kamera haimwoni, anapompita Mmoroko mmoja hatua chache kabla ya utepe, huenda amefanya kazi kubwa kuliko aliyepanda jukwaani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliotawala hesabu hiyo ni Waethiopia. Walishinda taji la timu mara tano mfululizo, 1981 hadi 1985, na ile ya kwanza, mjini Madrid, waliipata licha ya baadhi yao kuongeza mwendo wakidhani ni mzunguko wa mwisho, kumbe ulikuwa umesalia mmoja. Kenya iliwapokonya mwaka 1986 huko Neuchâtel, Uswisi. Siku hiyohiyo John Ngugi, kijana mwenye hatua ndefu ambaye wataalamu walidhani mtindo wake wa kukimbia hautamfikisha mbali, alishinda dhahabu ya mtu binafsi. Alirudia 1987, 1988 na 1989, kisha akaongeza ya tano mwaka 1992 kwenye baridi kali ya Boston.

Nyuma ya Ngugi alikuwapo kocha Mike Kosgei na kambi ya Embu, katika chuo cha walimu cha Kigari, kwenye mteremko wa Mlima Kenya. Vilima vya kule, udongo mwekundu na hewa nyembamba vilichuja watu. Mara nyingi ilisemwa kwamba kupata nafasi katika timu ya Kenya kulikuwa kugumu kuliko kushinda mbio zenyewe za dunia, na matokeo hayakuwasuta waliosema hivyo. Auckland, mwaka 1988, Wakenya walikuwa 8 miongoni mwa 9 wa kwanza. Ni Mwethiopia Abebe Mekonnen peke yake aliyejipenyeza katika nafasi ya 5. Kenya ikapata alama 23, mbili tu kutoka kwenye ukamilifu. Miaka mitano baadaye, Amorebieta nchini Hispania, William Sigei aliongoza Wakenya watano walioshika nafasi tano za mwanzo. Wa sita alikuwa wa kumi. Jumla: 25.

Baada ya Sigei akaja Paul Tergat, aliyeshinda mara tano mfululizo kuanzia 1995 hadi 1999. Hapo ndipo pana jambo ambalo mashabiki wengi hawalitambui. Tergat alipoondoka, hakuna Mkenya mwanaume aliyeshinda mbio ndefu za nyika za dunia hadi Joseph Ebuya mwaka 2010. Ni miaka 11. Mohammed Mourhit wa Ubelgiji alichukua mbili, kisha Bekele akafunga mlango. Kuanzia 2002 hadi 2006 alishinda mbio ndefu na fupi kila mwaka, dhahabu 10 katika miaka 5. Hata hivyo, ndani ya ukame huo, taji la timu liliendelea kuja nyumbani mpaka 2003, na kutimiza mataji 18 mfululizo. Mimi huiona rekodi hii kuwa miongoni mwa rekodi kubwa kabisa za timu yoyote ya taifa, mchezo wowote, popote. Ethiopia ilikatiza mlolongo huo Brussels mwaka 2004 na ikashinda tena 2005. Kenya ikarudi Fukuoka mwaka 2006.

Kwa hiyo timu iliyoteremka Mombasa mwaka 2007 ilikuwa inatetea taji, lakini mbele yake alisimama mtu ambaye hakuna aliyemweza. Mwaka huo mbio fupi zilikuwa zimefutwa na mashindano yote yakawekwa katika siku moja. Wanaume wakubwa walikimbia kilomita 12.

Anayeishi Kisauni au Changamwe hahitaji kuelezwa mwisho wa Machi ulivyo. Kaskazi imechoka, kusi haijaanza, mvua za masika bado ziko njiani, na upepo wenyewe hautikisi hata jani. Jasho hubaki mwilini kwa sababu hewa imejaa unyevu na haina nafasi ya kulipokea. Mkimbiaji aliyezoea nyanda za juu huja na damu yenye uwezo mkubwa wa kubeba oksijeni, lakini uwezo huo haumpozi. Mwili hulazimika kugawa damu hiyo kati ya misuli inayofanya kazi na ngozi inayotoa joto, na mwendo ukiwa mkali, kimoja kitapunjwa. Addis Ababa, Eldoret na Asmara zote ni miji ya baridi, kwa hiyo hakuna aliyekuja na kinga.

Bekele alikimbia alivyozoea, akiwa mbele pamoja na Zersenay Tadese wa Eritrea, mwendesha baiskeli wa zamani ambaye mwaka 2004 aliipa nchi yake medali ya kwanza ya Olimpiki. Wawili hao waliachana na wengine. Kisha katika mzunguko wa mwisho Bekele akapoteza nguvu, miguu ikakataa, akatoka njiani bila kumaliza. Tadese akaendelea peke yake hadi kwenye utepe kwa dakika 35 na sekunde 50, na Eritrea, nchi iliyopata uhuru mwaka 1993, ikapata dhahabu.

Nyuma yake Wakenya walikuwa wanafanya ile kazi ya hesabu. Moses Mosop alimaliza wa pili, Bernard Kipyego wa tatu, na wenzao wakaja kujaza jumla. Ethiopia ilikuwa imempoteza mtu wake wa kwanza, na timu haihesabiwi kwa aliyetoka. Hakuna sababu ya kuuona ushindi huo kuwa wa bahati. Joto lilikuwa la wote, na mbio za nyika huuliza nani amebaki amesimama nchi yake inapohitaji mtu wa nne, wa tano na wa sita. Mosop mwenyewe alikuja kuwa mmoja wa wakimbiaji wa marathoni wenye kasi zaidi. Boston, mwaka 2011, alikimbia saa 2:03:06 na bado akawa wa pili.

Siku ile ilikuwa na mengine mazuri. Asbel Kiprop alishinda mbio za wavulana na Linet Masai za wasichana, na miaka miwili baadaye Masai akawa bingwa wa dunia wa mita 10,000. Kwa wanawake wakubwa, Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiiwakilisha Uholanzi, alimwacha Tirunesh Dibaba, bingwa wa miaka miwili iliyotangulia.

Huku kwetu, kuanzia Likoni hadi Kisauni, mtoto akipewa nafasi na kiwanja chenye mchanga atatafuta mpira. Wengi wa wakimbiaji wa timu ile walitoka Bonde la Ufa, na naamini hilo limechangia Pwani kuiona siku ya 2007 kama ugeni uliopita. Naliona kuwa kosa. Taji lile lilitwaliwa kwenye jua letu, mbele ya watu wetu, na ni letu kama lilivyo la Iten.

Kenya iliendelea kushinda taji la wanaume kila mwaka hadi 2011. Kisha mashindano yakawa ya kila miaka miwili, na Ethiopia ikalichukua 2013 na 2015. Mwaka 2017 yalirudi Afrika Mashariki, jijini Kampala. Geoffrey Kamworor wa Kenya alishinda dhahabu ya mtu binafsi, baada ya kijana wa nyumbani, Joshua Cheptegei, kuongoza kwa kishindo na kuishiwa nguvu katika mzunguko wa mwisho hadi nafasi ya 30. Lakini taji la timu lilikwenda Ethiopia: kinyume kabisa cha Mombasa. Miaka miwili baadaye, Aarhus nchini Denmark, Cheptegei alishinda na Uganda ikawa bingwa wa timu. Kenya ililipata tena Bathurst, Australia, mwaka 2023, na ikalitetea Belgrade mwaka 2024.