Mifupa ya Marumaru

Kitabu cha jubilei hakikosi habari za hospitali. Wengi wetu twakijua kile chumba chenye ukuta mnene, ambamo mgonjwa huambiwa avute pumzi wala asitikisike, na mpiga picha mwenyewe huenda kujificha nyuma ya ukuta. Twataka kuwasimulia habari za chumba hicho tangu asili yake, na za ugonjwa mmoja adimu uliojulikana kwa ajili yake, na za mganga aliyeuona kwanza.

Asili yake ni mji wa Würzburg katika Ujerumani. Jioni ya tarehe 8 Novemba 1895, Profesa Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa akipitisha umeme katika chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, naye amekwisha kuifunika kwa karatasi nyeusi. Chumba kilikuwa giza. Akaona bamba lililopakwa dawa, lililo mbali kidogo na chupa, linang'aa. Akatambua ya kuwa kuna mionzi isiyoonekana kwa macho, nayo yapenya karatasi. Na kwa kuwa hakuijua ni mionzi gani, akaiita kwa herufi X, ndiyo maana nasi twasema eksirei. Tarehe 22 Desemba aliupiga picha mkono wa mkewe, Bertha, ikatokea mifupa ya vidole pamoja na pete yake. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, naye alikuwa mtu wa kwanza kuipata. Uvumbuzi wake hakuufanya mali yake peke yake, bali aliwaachia watu wote, nasi twaona neno hilo lastahili kusimuliwa kama uvumbuzi wenyewe.

Kabla ya siku ile mganga alimjua mgonjwa wake kwa macho, kwa masikio na kwa vidole. Kwa magonjwa ya kila siku mara nyingi ilitosha. Lakini ugonjwa ulio adimu huvaa nguo za ugonjwa ulio wa kawaida. Mtu akivunjika mfupa alifungwa magango akapona. Akivunjika tena, wakasema ni bahati mbaya. Akivunjika mara ya tatu, wakasema ni mzembe, au wakanong'ona maneno mengine ambayo hatuna haja ya kuyaandika hapa. Ndani ya mwili wake hakuna aliyeweza kuona maadamu yu hai.

Basi, katika mji wa Hamburg alikuwako mganga jina lake Heinrich Albers-Schönberg, aliyezaliwa huko mwaka 1865. Mionzi mipya ilimvuta sana, hata mwaka 1897, yeye na mwenzake Deycke wakaanzisha gazeti la waganga lililohusu mionzi hiyo tu. Mwaka 1904 akatoa habari za mgonjwa mmoja, mwanamume wa miaka 26, ambaye mifupa yake ilikuwa imevunjika mara nyingi. Katika picha mfupa mrefu wa mtu mzima huwa mweupe kandokando, na katikati huonekana kijivu, mahali pa uboho. Mifupa ya kijana huyu ilikuwa myeupe yote tangu ukingo hata ukingo, kana kwamba imechongwa katika jiwe. Mganga akayaandika aliyoyaona katika gazeti la madaktari la Munich, akaipa makala yake jina lisilo na majivuno, ambalo maana yake ni picha za Röntgen za ugonjwa adimu wa mifupa. Waganga wengine ndio waliouita ugonjwa huo kwa jina lake, na wengi wakauita mifupa ya marumaru. Jina la osteopetrosi lilitolewa na Karshner mwaka 1926.

Mtu aweza kuuliza, ikiwa mfupa umekuwa kama jiwe, kwa nini wavunjika? Mfupa wa mtu ni kama nyumba isiyokwisha kujengwa. Wako waashi wanaoongeza, na wako wengine wanaobomoa palipochakaa ili pajengwe upya. Katika ugonjwa huu wabomoaji hawafanyi kazi yao. Mfupa wazidi kuwa mnene, lakini wa kale haupati kuondolewa, nao huwa mgumu na mwepesi wa kuvunjika, kama chaki ya mwalimu. Tena, mahali pa uboho hujaa mfupa, na damu hutengenezwa katika uboho. Na yale matundu ya fuvu yapitishayo mishipa ya macho na masikio husongwa.

Watu wazima wengine huishi na ugonjwa huu miaka mingi bila kujua, hata siku moja wapigwe picha kwa sababu nyingine. Kwa mtoto mchanga namna iliyo kali ni jambo la kuogofya: damu hupungua, bandama na ini huvimba, na macho hupofuka. Katika nchi zetu mtoto aliyepungukiwa damu na kuvimba bandama hudhaniwa mara moja kuwa ana malaria, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Hatumlaumu mganga anayedhani hivyo. Ila dawa ya malaria ikishindwa mara kwa mara, na mtoto hafuati taa kwa macho yake, picha moja ya kifua au ya mkono yaweza kusema yale ambayo mama hakuweza kuyaeleza.

Nayo ni picha ya kawaida, ile ile ya mwaka 1904. Ni kweli mashine kubwa zaidi zimekuja. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kufikiri jinsi ya kuuona mwili vipande vipande kwa hesabu alipokuwa akifanya kazi Cape Town mwaka 1956. Na mwaka 1971, Godfrey Hounsfield na wenzake walimpiga mgonjwa wa kwanza picha ya ubongo kwa mashine ya namna hiyo huko London. Wote wawili walishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Ikaja na mashine ya sumaku, inayoonyesha uboho wenyewe. Mashine hizi husaidia kupima jinsi matundu ya macho yalivyosongwa, lakini ugonjwa wa mifupa ya marumaru kwa kawaida hutambuliwa kwanza kwa eksirei tu.

Kuutambua mapema kuna faida kubwa, kwa maana wale wabomoaji wa mfupa wana ukoo mmoja na chembe za damu. Mwaka 1980, madaktari wa Marekani, Coccia na wenzake, waliandika habari za mtoto aliyepandikizwa uboho wa mtu mwingine, na mifupa yake ikaanza kubomolewa na kujengwa kama ipasavyo. Si kila namna ya ugonjwa huu hutibika hivyo, na macho yaliyokwisha kupofuka kwa kawaida hayarudi.

Na Albers-Schönberg je? Siku zile waganga walikuwa wakijaribu nguvu za chupa kwa kuweka mikono yao wenyewe mbele yake. Yeye mwenyewe alionyesha mwaka 1903 ya kuwa mionzi huondoa uzazi wa sungura dume, akawa mmoja wa waliotengeneza vibanda vya risasi vya kumkinga mpiga picha. Lakini mikono yake ilikuwa imekwisha kuunguzwa. Saratani ikaingia, akakatwa mkono wa kushoto, na kidole cha kati cha mkono wa kuume. Aliendelea na kazi, na mwaka 1919 akafanywa profesa katika chuo kikuu kipya cha Hamburg. Alikufa tarehe 4 Juni 1921, mwenye umri wa miaka 56. Mwaka 1936 ilisimamishwa nguzo ya mawe katika bustani ya hospitali ya St. Georg mjini humo, yenye majina zaidi ya 160 ya waganga, wauguzi na wapiga picha wa mataifa mbalimbali waliokufa kwa mionzi, na jina lake limo. Baadaye majina yakaongezwa, yakapita 350.