Kengele za Ng'ombe Zilizowashinda Wafasiri wa Kiingereza

Leo ya mastaa tuyaweke pembeni kidogo. Nina stori ya watu ambao hata majina yao hayakuandikwa popote, na wewe uliyeacha kwenu ukaja mjini kutafuta, naomba usome mpaka mwisho maana inakuhusu.

Twende Uswisi, mji wa Basel, mwaka 1688. Mwanafunzi wa udaktari anayeitwa Johannes Hofer anaandika kazi yake ya kumaliza chuo. Ndani yake kuna kijana mmoja ametoka Bern kuja kusoma Basel, umbali wa kama kilomita 100 tu. Jina lake hakuna. Dogo akaanza kudhoofika, homa haishuki, huzuni muda wote, mpaka watu wakaanza kumwombea dua wakijua ndo anaondoka. Mwishowe ikaamuliwa arudishwe kwao. Sasa sikia maajabu, njiani tu, hata Bern hajafika, akaanza kupata nafuu!

Kuna na binti wa kijijini, naye hana jina. Alianguka akapelekwa hospitali, dawa hataki, chakula hataki, kila akiulizwa anajibu anataka nyumbani. Wakampeleka. Siku chache tu akapona.

Waswisi walikuwa na neno la hii kitu, Heimweh, yaani maumivu ya nyumbani. Hofer akataka neno la kitabibu, akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kurudi na maumivu, akapata nostalgia. Waingereza nao baadaye wakaunda lao kwa kufuata lile la Kijerumani kipande kwa kipande, homesickness. Kwenye karatasi tafsiri iko sawa kabisa. Lakini angalia kilichotokea. Siku hizi mtu anaposema nostalgia anamaanisha zilipendwa, nguo za zamani na picha za shule. Lile neno lililomlaza mtu kitandani limegeuka kuwa burudani ya Jumapili jioni.

Muziki unaingia wapi? Unaingia kwa wachungaji. Kwenye milima ya Alps kulikuwa na nyimbo za kuitia ng'ombe, zinaimbwa au zinapigwa kwa pembe ndefu ya mbao, na kwa Kijerumani zinaitwa Kuhreihen. Mwaka 1768 Jean-Jacques Rousseau aliandika kwenye kamusi yake ya muziki kwamba wimbo huo ulipigwa marufuku kwa askari wa Kiswisi waliokodiwa kupigana nje, kwa sababu wakiusikia walilia, wakatoroka jeshi au wakafa. Tena Rousseau akasema wimbo wenyewe hauna uchawi wowote. Mgeni akiusikia hahisi kitu. Kinachomuua askari ni kumbukumbu iliyojibanza ndani yake.

Haya, sasa wewe ndo mfasiri. Ukilikata neno Kuhreihen vipande unapata ng'ombe na mstari. Utawaandikia wasomaji wa London "mstari wa ng'ombe"? Watacheka, wakati kuna mtu anakufa hapo. Waingereza wengi wakakwepa, wakachukua jina la Kifaransa, ranz des vaches, wakaliacha hivyohivyo mpaka leo. Na usidhani hujawahi kuusikia. Mwaka 1829 Rossini aliweka muziki wa aina hiyo kwenye utangulizi wa opera yake ya Guillaume Tell, na katuni za Marekani zikauchukua. Ile sauti tulivu jua linapochomoza, ndege wanalia, mhusika anajinyoosha kitandani, ndo hiyo. Wimbo uliosemwa unaua askari umekuwa alamu ya katuni, aisee.

Lakini kiboko ya yote ni kengele. Mwaka 1906 mtunzi Gustav Mahler alipiga kwa mara ya kwanza simfonia yake ya sita, mjini Essen. Ndani aliweka Herdenglocken, yaani kengele za kundi la mifugo. Kwa Kiingereza? Cowbells. Rahisi, siyo? Tatizo ni kwamba mpiga ngoma wa London au New York akiambiwa cowbell leo, kichwani kinamjia kile kichuma cha kwenye salsa, kinachogongwa kwa kijiti, ko ko ko, watu wainuke wacheze. Mahler alitaka kitu kingine kabisa. Alitaka kengele zenye kigongeo ndani, ng'ombe anatembea inalia, anasimama inanyamaza. Nadhani hata yeye hakuliamini neno peke yake, maana aliandika maelezo kwenye nota kwamba zipigwe taratibu sana, zisikike kama kundi linachunga mbali, mara zote pamoja, mara moja moja, za juu na za chini.

Inasimuliwa pia aliwaeleza wanamuziki kwamba huo ni mlio wa mwisho wa dunia anaousikia mtu aliye peke yake kileleni. Yaani upweke. Neno moja la Kiingereza lingegeuza upweke kuwa disko! Ndo maana wapiga ngoma wa Kiingereza leo wanatumia neno almglocken, la Kijerumani hilohilo, ili pasiwe na utata.

Na hiyo Alm nayo ina mambo yake. Richard Strauss kwenye Eine Alpensinfonie ya mwaka 1915 ana sehemu inaitwa Auf der Alm, Kiingereza kinasema malisho ya mlimani. Ni sawa, ila Alm siyo nyasi tu. Ni mifugo kupandishwa juu wakati wa joto, kibanda, jibini linatengenezwa, halafu baridi ikikaribia wote wanashuka. Tafsiri imeleta majani, watu imewaacha kulekule.

Kiukweli siwalaumu wafasiri. Mimi kwetu kuna mashine ya kusaga, jioni ukiisikia inaguna kwa mbali unajua mama yuko njiani na unga kichwani. Nikimtafsiria mtu "mashine ya kusaga" ameelewa kila kitu, na hajaelewa chochote. Ningemwekea maelezo chini, kama Mahler.

Haya wadau, wewe mlio gani ukiusikia unakurudisha kwenu? Tiririka hapo chini, na utuelezee vizuri, usitaje jina la kitu tu ukakimbia.