Garimoshi na Maji ya Chumvi

Historia ya reli iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria imesimuliwa mara nyingi, na wasimulizi wengi hupenda kuanza na simba wa Tsavo. Ni kweli kwamba katika mwaka 1898 simba wawili waliwaua wafanyakazi wengi penye mto ule, hata kazi ya kujenga daraja ikasimama kwa muda. Lakini simba wale walikuwa wawili tu, nao walipigwa risasi mwezi wa Desemba mwaka ule ule, habari yao ikaisha. Yuko adui mwingine aliyeanza vita na reli kabla ya simba, akaendelea nayo muda wote magarimoshi ya mvuke yalipokuwa kazini, wala hapakuwa na risasi iwezayo kumwua. Adui huyo ni uchafu usioonekana, uliyeyuka katika maji.

Msomaji asidhani kwamba maneno haya yametiwa chumvi. Na aitazame ramani. Reli ile ya zamani ikiisha kuiacha Mariakani hufika stesheni iitwayo Maji ya Chumvi, kisha Samburu, kisha Taru, kisha Mackinnon Road. Samburu, Taru na Mackinnon Road zimo katika nchi ya Kinango, Kaunti ya Kwale, kaskazini ya mji wenyewe wa Kinango. Hiyo ndiyo nyika ya Taru, nchi ya Waduruma, nchi ya miiba na udongo mwekundu, ambapo mvua huja ikipenda na kukawia ikipenda. Jina la stesheni ile ya kwanza lilikuwa onyo tosha kwa kila apitaye. Hata wataalamu wa miamba waliliazima jina hilo, wakaliita tabaka moja la mawe ya nchi ile Maji ya Chumvi, na maji yanayopita katika mawe hayo mara nyingi hutoka na chumvi yake.

Kabla ya reli, misafara ya Waswahili iliyotoka Mombasa kwenda Taita na Kilimanjaro iliijua sana nyika hii. Wapagazi walijaza vibuyu vyao, wakahesabu mwendo kwa maji wala si kwa maili. Tegemeo lao kuu lilikuwa ngurunga za Taru, yaani mashimo ya asili katika mwamba yanayohifadhi maji ya mvua. Joseph Thomson alipita huko mwaka 1883 akielekea nchi ya Wamasai, naye, kama wengine waliomtangulia, alipita kwa hisani ya mashimo hayo. Maji ya ngurunga huenda yakawa na majani na vidudu, lakini ni maji ya mvua, hayana chumvi ya ardhini. Wenyeji walitambua tofauti hiyo zamani: maji ya kuonekana machafu si lazima yawe mabaya kwa kila kazi, na maji ya kung'aa huenda yakaficha madhara yake.

Mhandisi mkuu wa reli, George Whitehouse, aliwasili Mombasa mwezi wa Desemba 1895, na ujenzi ukaanza mwaka 1896. Wafanyakazi kama 32,000 waliletwa kutoka India katika miaka ya kazi ile, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Reli ilipopanda kutoka pwani ikaingia nyikani, maji ya kutosha watu na mitambo hayakupatikana. Ikawa lazima garimoshi livute matangi ya maji kutoka nyuma, ili watu walio mbele wapate kunywa na kazi ipate kuendelea. Tena garimoshi lile la kupeleka maji lilikuwa lenyewe ni mnywaji mkubwa.

Hapana budi sasa tueleze mtambo wenyewe. Garimoshi la mvuke lina pipa kubwa la chuma lililolazwa, ambalo huitwa boila. Nyuma yake kuna tanuri. Katika miaka ya mwanzo kuni zilikuwa chakula kikubwa cha matanuri hayo, kwa kuwa nchi haikuwa na machimbo ya makaa ya mawe, na makaa yote yalipaswa kuletwa kwa meli. Tanuri limezungukwa na maji ubavuni na juu yake, na moshi wa moto hupita katika mabomba mengi membamba yaliyozama ndani ya maji ya boila, kisha hutoka kwa dohani. Maji huchemka, mvuke hujikusanya kwa nguvu, nao husukuma pistoni zinazozungusha magurudumu. Maji yale yana kazi mbili, basi. Kwanza hugeuka mvuke wa kuvuta mabehewa. Pili hulipoza tanuri lenyewe, maana chuma kisichoguswa na maji huku kikichomwa na moto hulegea kama nta.

Sasa, mvuke hupaa ukiwa safi. Chumvi na chokaa haziwezi kupaa pamoja nao. Tuseme kila lita ya maji ina nusu gramu ya vitu vilivyoyeyuka. Mtu ayanywaye hatashtuka sana. Lakini garimoshi likigeuza lita 10,000 kuwa mvuke, gramu 5,000, yaani kilo 5, zitabaki ndani ya boila. Likifanya hivyo kila siku kwa siku 30, zitakuwa kilo 150. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni cha hasara.

Hasara ya kwanza ni ukoko. Kila mpishi ameuona ukoko mweupe ndani ya birika lililochemshiwa maji ya kisima kwa muda mrefu. Maji yaliyopita katika mawe ya chokaa, kama vile maji ya visima vya Mombasa vilivyochimbwa katika matumbawe, huwa magumu: sabuni haitoi povu upesi, na yakichemshwa chokaa hujitenga na kuganda. Katika boila ukoko huo hushika mabomba na kuta za tanuri, ukazuia joto lisifike majini. Mchochea moto hutia kuni zaidi, lakini mvuke hauongezeki. Na chuma kilicho nyuma ya ukoko huzidi kuwa chekundu, mpaka bomba lipasuke au ukuta ubonyee.

Hasara ya pili ni povu. Maji ya boila yakizidi chumvi na tope, huumuka kama maziwa yanayochemka, yakapanda pamoja na mvuke hadi kwenye silinda. Mvuke hubanika, lakini maji hayabaniki. Pistoni ikikutana nayo kwa kasi, mfuniko wa silinda huweza kuvunjika. Hasara ya tatu ni kutu. Hewa iliyoyeyuka majini, ikisaidiwa na chumvi, huchimba vishimo vidogo katika chuma, mahali pasipoonekana, hata boila zima likadhoofika.

Haya si mambo ya kuchezea. Dunia nzima ilijifunza kwa msiba kwamba boila ni mtumishi mwema na bwana mkatili. Mwaka 1865 meli ya mvuke iitwayo Sultana ilipasuka boila katika Mto Mississippi, Marekani, na watu zaidi ya 1,000 wakaangamia usiku mmoja.

Dawa zilikuwa nne. Ya kwanza ilikuwa ni kulainisha maji kabla hayajaingia katika boila. Mwaka 1841 Thomas Clark, profesa wa kemia wa Aberdeen huko Uskoti, alipata hati ya njia yake ya kutia chokaa katika maji yenye chokaa. Jambo hili hufanana na mzaha, lakini kweli dawa ya moto ni moto: chokaa iliyotiwa huifanya chokaa iliyoyeyuka ijitenge na kushuka chini kama unga, na maji ya juu yakabaki laini. Penye ugumu wa namna nyingine hutiwa magadi. Kenya yenyewe ina hazina kubwa ya magadi katika Ziwa Magadi, na tawi la reli la kuyachukua lilikamilika mwaka 1915. Baadaye, katika miaka ya 1940, Mfaransa Louis Armand alitengeneza kwa reli za nchi yake utaratibu wa kutia magadi pamoja na tanini, dutu ipatikanayo katika magome ya miti, ili chokaa igeuke tope laini badala ya kushika chuma.

Dawa ya pili ilikuwa ni kufungua bomba la chini ya boila mara kwa mara, tope na maji yaliyozidi chumvi yakatoka kwa kishindo, na maji mapya yakaingia. Dawa ya tatu ilikuwa ni kuosha. Kwa desturi ya reli za mvuke, kila baada ya siku kadhaa za kazi moto ulizimwa, boila likaachwa lipoe polepole, vizibo vikafunguliwa, na watu wakaingiza mipira ya maji na vyuma virefu kukwangua ukoko. Ilikuwa kazi ya giza, joto na tope. Vitabu vimehifadhi majina ya wahandisi na ya magavana. Majina ya waosha maboila hayakuhifadhiwa, ingawa bila wao hakuna gavana ambaye angalifika Nairobi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Waosha maboila walikuwa waziba nyufa wa kila wiki, na kwa sababu waliziziba, hakuna aliyewaona.

Hata hivyo dawa hizi tatu zote zina mpaka. Chokaa hushindwa na chokaa, lakini chumvi, ile ya mezani, haishindwi na chokaa wala na magadi. Maji ya chumvi hubaki ya chumvi. Kuyafungulia yamwagike ni kumwaga pia joto lililogharimu kuni nyingi. Hivyo katika nchi kama nyika ya Taru ilibaki dawa ya nne, nayo ndiyo ya gharama kubwa kupita zote: kuyaacha maji ya mahali hapo na kuleta matamu kutoka mbali. Matangi ya maji ya siku za ujenzi yalikuwa mwanzo wa fikira hiyo.

Mji wa Mombasa nao ulikuwa na kiu yake, ukaifuata fikira ile ile kwa kipimo kikubwa zaidi. Katika miaka ya 1950 lilijengwa bomba kutoka chemchemi za Mzima, ambazo maji yake hutoka katika vilima vya Chyulu yakichujwa na mawe ya volkano. Bomba hilo, lenye urefu wa kilomita kama 220, lilikamilika mwaka 1957. Likashuka kuelekea pwani kupitia nyika ile ile iliyowatesa wapagazi na wajenzi wa reli. Baada ya hapo enzi ya mvuke haikukawia kwisha. Magarimoshi ya dizeli yalianza kuenea tangu mwaka 1960, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 yale ya mvuke yalikuwa yamekwisha kuondolewa katika kazi za kawaida. Mwaka 2017 reli mpya ilifunguliwa, nayo hupita nchi hiyo hiyo bila kuomba maji.

Lakini watu wa nyika hawakugeuka kuwa dizeli. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea hadi 2022, kaunti ya Kwale ilikuwa miongoni mwa zilizoumia. Wakati kama huo, katika vijiji vya Kinango, malambo hukauka, akina mama na watoto hutembea mwendo mrefu na madebe, na penye kisima huenda maji yakawa na chumvi, nayo hunywewa kwa kuwa mengine hayapo.

Hapa historia inatufundisha jambo la kufikiri. Kwa miaka themanini na zaidi, boila lilipokataa maji ya chumvi, watu wenye elimu hawakulilaumu. Hawakusema, "Na lizoee." Walijua kwamba uchafu mdogo wa kila siku hauonekani siku ya kwanza, bali hujilimbikiza, na kwamba mwenye kungoja mpasuko amekwisha kuchelewa. Kwa hiyo waliyatafutia maji dawa, na penye kukosa dawa waliyaleta kutoka mbali, na gharama ikahesabiwa kuwa sehemu ya kuendesha reli. Mwili wa mtoto nao hauonyeshi siku ya kwanza madhara ya maji aliyokunywa. Ikiwa fedha na akili ziliweza kupatikana ili chuma kinywe maji matamu katika nyika ya Taru, hatuwezi kusema kwamba jambo hilo haliwezekani kwa mwanadamu. Yaliyosalia ni hiari yetu.