Jino Kuliwa na Jino Kulika: Historia Fupi ya Istilahi za Asidi na Meno

Mswahili akiumwa jino aghalabu husema kwamba jino lake limeliwa na mdudu. Usemi huu si wa Waswahili peke yao. Umo katika vibao vya udongo vya Babeli ya kale, ambamo mdudu wa jino hulaaniwa kwa maneno ya uganga. Umo pia katika tiba za kale za mataifa mengi ya Ulaya na Asia. Mnamo mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard, ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa uganga wa meno wa siku hizi, alieleza katika kitabu chake kwamba alimtafuta mdudu huyo hata kwa hadubini asimwone. Hata hivyo mdudu hakufa. Amebaki katika lugha, na kwa mwanaistilahi hapo ndipo kazi inapoanzia.

Aliyemwondoa mdudu kitaalamu ni Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1890 alionyesha kwamba vijidudu vya kinywani hula wanga na sukari iliyobaki katika meno, navyo hutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha madini ya jino. Alichanganya mkate na mate, akatia meno yaliyokwisha kung'olewa, akauweka mchanganyiko mahali penye joto la mwili, meno yakalainika. Yafaa tuangalie kwamba Miller hakumkataa mdudu kabisa. Alimpunguza umbo, akampa silaha mpya. Vijidudu havina meno ya kutafunia jino, vina asidi tu.

Kinachoshambuliwa kwanza ni enameli, yaani tabaka gumu la nje, ambalo karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Hakuna kitu kigumu kuliko hicho katika mwili wa binadamu. Lakini seli zinazoiunda hupotea jino linapochomoza, kwa hiyo enameli iliyokwisha kutoka haioti tena. Katika miaka ya 1940 Robert Stephan wa Marekani aliwasukutuza watu maji ya sukari, akapima uchachu wa ukoga uliogandamana na meno yao. Uchachu ulipanda kwa dakika chache tu, ukachukua muda mrefu zaidi, nusu saa au zaidi, kurudi ulivyokuwa. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi, madini ya enameli huanza kuyeyuka. Kikipanda tena, mate hurejesha sehemu ya madini hayo. Ndimu ina pH ya 2 na ushei, na soda nyingi haziko mbali nayo.

Hapa mfasiri hukutana na shida yake ya kwanza. Asidi ya ndimu haihitaji vijidudu wala sukari. Hulamba enameli moja kwa moja. Wafanyakazi wa viwanda vya betri wanaovuta mvuke wa asidi ya salfuriki huharibika meno ya mbele hata kama hawali peremende kamwe. Haya ni maradhi mawili tofauti, na wataalamu wameyapa majina mawili. Katika vijitabu vyetu vya afya, hata hivyo, yote mawili huitwa "kuoza kwa meno". Msomaji aambiwaye kwamba jino lake linaoza atakimbilia mswaki. Lakini enameli iliyotoka kulambwa na asidi imelainika kwa muda, na kuisugua papo hapo huiongezea hasara. Ndiyo maana madaktari wengi wa meno hushauri mtu asukutue kwa maji matupu, asubiri nusu saa au zaidi, ndipo apige mswaki. Tafsiri isiyotenganisha maradhi hayo mawili humpa msomaji ushauri wa ugonjwa mwingine.

Wako waliopendekeza "mmomonyoko wa meno", kwa kufuata mmomonyoko wa udongo. Mimi siupendi. Kinachomomonyoka hubomoka vipande vipande, kama ukingo wa mto wakati wa masika, hali asidi huondoa enameli kidogo kidogo pasipo kuonekana. Lugha yetu ina neno bora zaidi: kulika. Kisu hulika kwa kunolewa, sabuni hulika kwa kufuliwa. Tena tazama tofauti ya vinyambuo. Jino lililoliwa lina mlaji, na hapo mdudu wa Babeli anapata kiti chake. Jino lililolika halina mlaji wa kutajwa. Basi tungeweza kusema kuoza kwa madhara ya vijidudu, kulika kwa madhara ya asidi ya chakula au ya kiwandani, na kusagika kwa meno yanayosuguana.

Neno jingine la kale ni ganzi. Aliyekula maembe mabichi au ukwaju mwingi husema meno yamekufa ganzi, na watafsiri wa Biblia walilitumia neno hilo katika mithali ya zabibu kali iliyomo katika Yeremia na Ezekieli. Yaani mzungumzaji wa kawaida alikwisha kutambua uhusiano wa ukali wa tunda na jino kabla ya maabara yoyote. Siku hizi hospitali zimelitwaa neno kwa ajili ya dawa ya kuzuia maumivu, na sidhani kwamba litarudishwa.

Kuhusu asidi yenyewe, tindikali ni neno zuri, lakini kwa msomaji wa magazeti limekuwa kitu cha kumwagiwa mtu usoni. Kumwambia mwanafunzi kwamba chungwa lina tindikali ni kumtisha bure. Heri asidi. Na enameli? "Ganda la jino" huvutia, ila ganda hubanduliwa. Niliwahi kuifikiria "kauri", kwa kuwa kauri hung'aa na ikivunjika haioti. Lakini jino la bandia la kauri lipo, na daktari angechanganyikiwa. Enameli na ikae.

Linalohitaji uangalifu kupita yote ni floraidi. Mwaka 1901 Frederick McKay alifika Colorado Springs, akakuta wenyeji wana meno yenye madoa ya kahawia, lakini hayaozi upesi. Sababu ilijulikana mwaka 1931, mkemia H. V. Churchill alipopima maji akakuta floraidi nyingi. Madini hayo yakiingia katika enameli huifanya iwe ngumu zaidi kuyeyushwa na asidi. Tarehe 25 Januari 1945 mji wa Grand Rapids ukaanza kuitia floraidi katika maji yake, kadiri ya miligramu moja kwa lita.

Arusha na Kilimanjaro hazikuhitaji kutiliwa. Miamba ya volkano imekwisha kutia, na kuzidisha, hata watoto wengi wakaota meno ya madoa. Shirika la Afya Duniani hutaka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kiwango cha muda cha Tanzania cha mwaka 1974 kiliruhusu 8, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na maji mengine, nacho baadaye kikashushwa. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto wataalamu walichuja floraidi kwa mkaa wa mifupa. Njia hiyo hufaa kwa sababu madini ya mfupa ni ya jamii moja na ya enameli, nayo huivuta floraidi vilevile.

Basi bango lisemalo "floraidi huimarisha meno" ni kweli kwa dawa ya meno, na kwa mama wa Meru achotaye maji ya kisima ni hatari. Mfasiri asiliandike bila kutaja kiasi, wala asiseme kwamba floraidi "huotesha" enameli. Hurejesha madini tu, pale ambapo enameli bado ipo.