Nyekundu Iliyogeuka Buluu

Nimerithi programu ya duka la dawa iliyoandikwa kwa Visual Basic ya zamani. Kwenye fomu yake kuna jedwali la dawa zilizopo, na dawa iliyoisha muda inapaswa kuonekana kwenye mstari mwekundu. Aliyenitangulia alichukua namba ya nyekundu inayotumika kwenye tovuti, FF0000, akaiweka. Mstari ukawa buluu.

Chanzo chake ni cha zamani kuliko programu yenyewe. Visual Basic ilitoka mwaka 1991, ikarithi hesabu ya rangi ya Windows: nyekundu, jumlisha kijani mara 256, jumlisha buluu mara 65,536. Nyekundu imekaa mwisho wa namba, buluu mwanzo. Tovuti zikaja na mpangilio wa kinyume. Kijani hakihami, na nyeupe, nyeusi na kijivu hazibadiliki kokote zisomwako. Ndiyo maana hitilafu hii inaweza kujificha miaka mingi, hadi siku mtu atakapohitaji nyekundu.

Katika msimbo huohuo nilikuta namba 8000000F. Hiyo si rangi, ni ombi: tumia rangi ambayo mwenye kompyuta amewachagulia vitufe vyake. Kumbe tangu zamani mwandishi wa programu hakuwa msemaji pekee. Mwaka 2001 Windows XP ikaongeza mandhari, nayo ikataka kuchora vichwa vya safu yenyewe. Mwaka 2005 likaja jedwali jipya, DataGridView. Ukipaka vichwa vyake rangi, mandhari yakiwa yamewashwa, hakuna kinachobadilika mpaka uzime EnableHeadersVisualStyles. Kwenye seli pia kuna ngazi: mtindo wa seli hushinda wa mstari, wa mstari hushinda wa safu, na wa jedwali zima husikilizwa mwisho.

Kwa hiyo rangi isiyotarajiwa siioni tena kama ukaidi wa mashine. Nauliza kwanza: nani amesema hapa, na nani amempiku?

Swali hilo lina uzito. Tangu Windows 95, mtu mwenye uoni hafifu ameweza kuchagua mwonekano wa utofautishaji mkubwa, kwa mfano maandishi meupe juu ya usuli mweusi. Jedwali letu lilikuwa limelazimishiwa usuli mweupe, huku rangi ya maandishi ikiachiwa mfumo. Kwa mtu huyo, jina la dawa lingekuwa jeupe juu ya nyeupe. Dawa ipo, jina halipo.

Nilipolirekebisha, niligeuza mpangilio wa nyekundu, nikaweka usuli na maandishi kwa jozi: ama vyote viwili vyangu, ama vyote viwili vya mfumo. Kisha nikaongeza safu moja yenye maneno: imeisha muda. Wapo wasioitambua nyekundu hata ikichorwa sawasawa, nao pia huuza na hununua dawa.